Mbwa Amekula Vidonge vya Homeopathi: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Mombasa

Kichupa kimetafunwa, kifuniko kiko chini ya kiti, na sakafuni zimebaki punje nyeupe chache mfano wa ulezi. Mbwa anakutazama huku akijilamba pua. Kabla hujamkimbilia na maziwa au chumvi, okota kichupa hicho. Majibu karibu yote unayoyataka yako kwenye lebo yake.

Tuseme mapema ili upumue: vidonge vya homeopathi ni dawa iliyozimuliwa tena na tena kwa maji au kileo, kisha ikatiwa kwenye punje za sukari, kwa hiyo, mara nyingi, ni sukari tu. Kinachomdhuru mbwa huwa kimoja kati ya hivi: utamu usio wa sukari uliotumika kutengenezea punje, dawa ambayo haikuzimuliwa vya kutosha, kileo ikiwa ilikuwa dawa ya matone, au chupa yenyewe iliyovunjika. La tano ni mwenye mbwa, akishikwa na kiherehere cha kumtapisha.

Dakika tano za kwanza

Mtoe mbwa pale na umfunge kamba mahali penye kivuli. Kama una mbwa wawili au zaidi, watenge, na hesabu kana kwamba kila mmoja amekula chupa nzima mpaka ujue vinginevyo. Andika saa. Si saa uliyogundua, bali saa ya mwisho uliyokiona kichupa kikiwa kizima.

Vaa glavu kama zipo. Mwite mtu akusaidie kumshika, lakini kumbuka uko Mombasa: jirani au mlinzi wako huenda asitake kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu ya udhu na nguo za sala. Usimlaumu. Mpe kazi ya kushika tochi na kusoma lebo, mdomo wa mbwa uushughulikie mwenyewe.

Inua mdomo wa juu pembeni, tazama fizi na ulimi. Unatafuta vipande vya kioo, damu, na rangi. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Bonyeza kwa kidole, rangi itoweke, uachie: irudi ndani ya sekunde mbili. (Kwa mbwa mwenye fizi nyeusi kiasili, tazama ndani ya ukope wa chini.) Onyo moja: mbwa ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa, na amebadilika tabia au anadondoka mate bila sababu ya kueleweka, usimtie mkono mdomoni kamwe, hata kama umekuta kichupa karibu naye.

Sasa kusanya punje zote zilizobaki na uziweke kwenye bakuli. Angalia chini ya mkeka, chini ya kochi, kwenye mianya ya vigae. Punje hizi hubingirika mbali, na mbwa atarudi kuzilamba ukienda kulala. Usiziache mpaka kesho ukidhani utazihesabu asubuhi; sisimizi watakuwa wamekutangulia.

Je, ni homeopathi kweli?

Hapa ndipo watu hukosea kwa kujiamini. Punje za homeopathi ni nyeupe, za duara au tembe bapa ndogo, hazina rangi, hazina ganda linalong'aa, hazina herufi wala mstari uliochongwa, na huyeyuka haraka ukizilowesha. Ukiona rangi, kapsuli au alama, acha kusoma sehemu za homeopathi na umpigie daktari wa mifugo sasa hivi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zimejaa katika nyumba zetu, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Vidonge vya kuzuia kifua kikuu vyenye isoniazidi ni vibaya zaidi: vinaweza kumtia mbwa degedege ndani ya saa mbili, na dawa yake ni vitamini B6 ya kuchomwa, ambayo daktari anahitaji kuambiwa mapema aitafute.

Ukiuliza nyumbani na kujibiwa "ah, ni dawa za Kihindi tu", usiridhike. Homeopathi haikutoka India; aliyeianzisha ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796, ila India ndiko ilikoenea sana na ndiko zinakotoka nyingi za chupa hizi. Dawa za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ni jambo jingine kabisa. Hizo ni za mitishamba na madini ambazo hazikuzimuliwa, na baadhi yake zimewahi kupatikana na risasi, zebaki au aseniki. Mbwa aliyekula tembe za Ayurveda si mgonjwa wa mwongozo huu.

Na kichupa kisicho na lebo, kile cha plastiki ambacho mtoa dawa ameandika namba tu kwa kalamu? Mpigie aliyeitoa. Asipopatikana, ihesabu kuwa ni dawa isiyojulikana.

Kusoma lebo

Tafuta namba na herufi baada ya jina. C ni kuzimua mara mia. X, ambayo chupa za Ujerumani huandika D, ni kuzimua mara kumi. Namba inaeleza kazi hiyo imerudiwa mara ngapi. 6C maana yake tone moja la dawa limetiwa kwenye matone 99, tone la mchanganyiko huo likatiwa kwenye 99 mengine, hivyo hivyo mara sita: sehemu moja katika trilioni. Ukifika 12C umeshapita namba ya Avogadro, ile idadi ya molekuli zilizomo katika moli moja (kipimo cha wanakemia), yaani hata ungeanza na moli nzima ya dawa usitarajie kubaki na molekuli moja. 30C, inayopatikana zaidi, ni moja juu ya moja yenye sifuri 60. Ya 200C na 1M (yaani 1000C) hazifai hata kuhesabiwa.

Kwa hiyo ukiona Arsenicum album 30C na mtandao ukakwambia hiyo ni aseniki, tulia. Jina ni la sumu, kilichomo ni sukari. Wanaotumia dawa hizi husema namba ikiwa kubwa nguvu inazidi. Anayehesabu sumu hesabu yake ni kinyume, namba ndogo ndiyo ya kuogopwa.

Namba ndogo ni zipi? Chochote kilichoandikwa Q, Ø au MT ni dawa mama, haijazimuliwa. 1X hadi 5X bado ina kitu. Chukua chupa ya gramu 25 ya tembe za 3X: ndani yake mna miligramu 25 za dawa yenyewe. Chupa hiyo hiyo ikiwa 6X ina miligramu 0.025. Miligramu 25 za chamomile si neno, lakini miligramu 25 za aseniki kwa mbwa wa kilo 5 ni hatari ya kweli. Majina ya kukutia mbio yakiwa na namba ndogo ni Arsenicum, Mercurius, Aconitum, Belladonna na Nux vomica. Hii ya mwisho hutokana na mbegu zenye strikinini. Mbwa hukakamaa miguu na kushtuka kwa kelele ndogo au kuguswa tu, na anaweza kuanza ndani ya dakika kumi.

Je, lebo inaaminika? Kwa kawaida ndiyo, ila si kila mara. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba tembe fulani za homeopathi za watoto wanaoota meno zilikutwa na belladonna kupita kiasi kilichoandikwa. Ndiyo maana tunasema mbwa atazamwe hata lebo ikiwa safi.

Kisha shuka kwenye viungo. Unatafuta neno moja: xylitol (zailitoli). Huenda pia ikaandikwa E967 au birch sugar. Punje "zisizo na sukari", zinazotengenezewa wagonjwa wa kisukari, ndizo za kutiliwa shaka kwanza, na wagonjwa wa kisukari hatuna upungufu nao mjini. Zailitoli kwa binadamu ni utamu usio na madhara. Kwa mbwa, kongosho linadanganyika kuwa ni sukari, linamwaga insulini, na sukari ya damu inaporomoka.

Hesabu

Pata uzito wa mbwa. Panda mizani peke yako, kisha panda umembeba, toa. Halafu kadiria alichokula: uzito ulioandikwa kwenye chupa, toa punje zilizobaki kwenye bakuli. Ukikosa mizani ya jikoni, chukulia amekula chupa yote.

*Sukari ya kawaida (sucrose).* Kile kibomba cha plastiki cha Ufaransa chenye punje 80 hivi kina gramu 4 tu, sawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mbwa yeyote mzima atavumilia. Mwenye kisukari ndiye wa kupigiwa simu, na usimbadilishie kipimo cha insulini kwa akili yako.

*Laktosi, yaani sukari ya maziwa.* Tembe bapa za "chumvi za mwili", kama Kali phos au Mag phos 6X, ni laktosi karibu tupu. Chupa ya gramu 25 ina laktosi sawa na nusu lita ya maziwa. Mbwa mkubwa atajamba. Mdogo ataharisha, kwa kawaida kabla siku haijaisha.

*Zailitoli.* Sukari ya damu huanza kushuka kwenye gramu 0.1 kwa kila kilo ya mbwa, na ini huingia hatarini kwenye gramu 0.5 kwa kilo. Rudi kwenye kile kibomba cha gramu 4. Kikiwa cha zailitoli, mbwa yeyote chini ya kilo 40 amevuka kiwango cha kwanza, na wa kilo 8 kushuka amevuka cha pili. Ni kijiko kimoja cha chai. Ndiyo sababu tunasumbua watu wasome viungo.

*Matone.* Chupa ya mililita 30 yenye kileo asilimia 60 ina mililita 18 za kileo halisi, takriban gramu 14. Mbwa wa kilo 30 atayumba kidogo. Wa kilo 4 amepata gramu 3.5 kwa kilo, na huyo anaweza kulala asiamke vizuri, akapoa mwili na kupumua kwa shida. Ila matone humwagika. Angalia sakafu imelowa kiasi gani kabla ya kukata tamaa.

Usimtapishe

Punje za sukari huyeyuka mdomoni na tumboni ndani ya dakika chache. Ukimtapisha utapata povu. Madhara yake ni makubwa kuliko ya punje.

Chumvi ndiyo mbaya kuliko zote. Kijiko cha chumvi kisipotoka kwa matapishi huingia damuni, huvuta maji kutoka kwenye ubongo, na mbwa aliyekula sukari anakufa kwa chumvi. Kidole kooni kitakupa jeraha. Haidrojeni peroksaidi hutumiwa kutapisha mbwa, kweli, lakini ni ile ya asilimia 3, kwa kipimo cha daktari aliye kwenye simu. Ile ya saluni ya kupaka nywele ni ya asilimia 6 hadi 12 na inachoma umio. Na hakuna anayetapisha mbwa aliyemeza kioo, aliyelewa, anayesinzia au mwenye pua fupi.

Maziwa? Unamwongezea laktosi. Mafuta ya nazi yanaweza kuingia mapafuni akipaliwa. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si ile dawa ya mkaa ya hospitali, na hata hiyo ya hospitali hainasi vizuri zailitoli wala kileo. Maji ya dafu hayadhuru, hayatibu. Maji safi ya kunywa apewe kwa hiari yake.

Kuna wanaoshauri kumpa mbwa dawa nyingine ya homeopathi "kuivunja" ya kwanza. Ni kumwongezea sukari.

Nani apigiwe, na aambiwe nini

Piga simu mara moja, bila kusubiri dalili, ikiwa: kuna zailitoli, ni Q au 5X kushuka, ni matone na mbwa ni mdogo, kioo kimemezwa, hujui ni dawa gani, au mbwa ni mtoto, ana mimba, ana kisukari au kifafa.

Mpigie daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muuzaji wa agroveti ni mtu wa msaada kwa dawa ya minyoo, lakini hili si lake. Tuma picha mbili za lebo kwa WhatsApp, mbele na nyuma, kisha ujumbe mfupi kama huu:

"Daktari, habari za usiku. Mbwa wangu, dume, miaka 4, kilo 12, amekula punje za homeopathi kati ya saa moja na saa mbili usiku huu. Chupa ilikuwa ya gramu 25, zimebaki kama robo. Lebo inasema Nux vomica 30C, viungo sucrose. Chupa ya plastiki, kifuniko hakijaonekana. Fizi za waridi, anatembea sawa, hajatapika. Hana ugonjwa, hatumii dawa. Niko Likoni."

Hiyo "kifuniko hakijaonekana" na "niko Likoni" ndizo wengi husahau, na ndizo zinazobadilisha uamuzi wa daktari.

Ukiambiwa uje

Uliza kwanza kama kliniki ina mtu usiku huo na kama wanaweza kupima sukari ya damu na kumtundikia dripu ya glukosi. Kufika kwenye kliniki iliyofungwa ni kupoteza saa nzima. Kama uko Likoni na kliniki iko Nyali, ongeza foleni ya kivuko halafu Daraja la Nyali. Mwambie daktari muda wa kweli, maana anaweza kukuelekeza upande wako wa maji. Matatu watakukatalia mbwa. Tafuta tuktuk, mweleze dereva kabla hajafika kwamba kuna mbwa anayeweza kutapika, tandika taulo kuukuu, shika kamba fupi. Usimfunge mdomo mbwa anayetapika.

Kwa zailitoli, mbwa akianza kulegea njiani, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi: kijiko kimoja cha chai kwa mbwa mdogo, viwili au vitatu kwa mkubwa, urudie kila dakika 10 mpaka mfike. Paka kwa kidole, usimwagie kooni. Dalili huweza kuanza ndani ya nusu saa, lakini pia huweza kuchelewa hadi saa 12, kwa hiyo mbwa "aliyepata nafuu" saa tatu baadaye hajapona. Tarajia alazwe angalau saa 12 hadi 24, na ini lipimwe mpaka siku ya tatu. Uliza gharama na utaratibu wa M-Pesa kabla hujaondoka nyumbani.

Chukua kichupa, punje zilizobaki, na matapishi kama yapo.

Ukiambiwa ubaki naye nyumbani

Mtazame kila nusu saa kwa saa mbili, kisha kila saa mpaka saa ya sita, kisha kabla ya kulala na asubuhi. Hesabu pumzi akiwa amelala kivulini: 10 hadi 30 kwa dakika. Akihema ulimi nje saa nane mchana mwezi wa Februari, hiyo ni Mombasa, si dawa. Msogeze penye upepo, usubiri, hesabu tena. Mapigo yanasikika ndani ya paja, 60 hadi 140, mbwa mdogo yakiwa juu. Joto la njia ya haja kubwa ni 38 hadi 39.2.

Kinachotakiwa kukuinua kitini: kuyumba, kutetemeka, kulegea ghafla, mboni zilizotanuka kwenye mwanga, kutapika zaidi ya mara mbili, fizi nyeupe au za njano. Na ukiona mate yanachuruzika, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anatetemeka na kuharisha, usihangaike na kichupa tena. Hiyo ni picha ya dawa ya wadudu au sumu ya kutegea mbwa, na kila dakika ina thamani.

Akiharisha tu kwa laktosi, mpe wali mweupe wa maji na kuku wa kuchemsha bila ngozi, kidogo kidogo kwa siku moja au mbili. Si wali wa nazi, na pilau ndiyo kabisa usimpe, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya mbwa.

Kifuniko kisichoonekana kikaguliwe kwenye kinyesi siku tatu au nne, kwa kijiti. Plastiki ndogo hupita kwa mbwa wa kilo 20. Kwa mdogo inaweza kukwama utumbo: hatatapika siku ya kwanza, ataanza ya pili au ya tatu, akatae chakula, asiende haja. Hapo ni picha ya eksirei. Kifuko kidogo cha kukausha unyevu, chenye chembe zinazong'aa, hakina sumu. Wasiwasi wake ni huo huo wa kukwama.

Kichupa kipya kitakaa wapi

Unyevu wa pwani hugandisha punje hizi zikawa donge, ndiyo maana watu huzihamisha kwenye kopo la peremende au kuziacha wazi mezani "zipate hewa". Kopo la peremende halina lebo, na mbwa anajua sauti yake. Ziache kwenye chupa yake, uitie ndani ya mtungi wa kioo wenye kifuniko cha kuzungusha, juu ya kabati. Mkoba wa mgeni uliowekwa chini sebuleni ni hatari kuliko kabati lako lote, basi mgeni akiingia, utundike. Kabla hujaweka chupa, piga picha ya lebo, upande wa viungo, ibaki kwenye simu. Meno ya mbwa huanzia hapo penye karatasi.